Luninga, Acha Kunong'ona!

Ndugu wasomaji, nina ugomvi na wenye vituo vya luninga, na ninauleta hapa hadharani kwa sababu mambo yenyewe yanafanyika sirini. Ugomvi wangu ni huu: luninga, baada ya kupigwa mieleka na simu na intaneti, imeanza kuiga tabia za yule aliyeipiga. Inataka ijue nani amekaa mbele ya kioo, ana umri gani, anapata kiasi gani, halafu imwonyeshe tangazo lake peke yake. Jirani yake wa ukuta wa pili, anayetazama mchezo uleule kwa dakika ileile, anaonyeshwa tangazo jingine. Huko Ulaya na Marekani mambo haya yamekwisha kupamba moto. Kwetu yapo njiani. Na wapo wenzetu, hata miongoni mwa sisi waandishi chipukizi, wanaoshangilia ati huo ndio wokovu wa luninga. Mimi nasema huo si wokovu hata kidogo. Ni kujinyonga kwa kamba ya kuazima.

Najua mtaniuliza, we kijana ni nani hata useme? Haya, nijitambulishe. Nimemaliza kidato cha nne, sina diploma ya uandishi wa habari wala ya biashara. Nina miswada miwili ya riwaya iliyojaa kwenye kaunta buku chini ya kitanda, na muswada mmoja wa tamthilia ambao habari zake nitawaeleza baadaye. Lakini anayelipia tangazo ndiye anayelipia hadithi, na hadithi ndiyo kazi niliyoichagua. Basi jambo hili linanihusu, na wewe unayesoma jarida hili linakuhusu vilevile.

Tuanze mwanzo. Tarehe 1 Julai 1941, mjini New York, kituo cha WNBT kilirusha tangazo la kwanza la biashara la luninga lililokuwa na kibali. Lilikuwa la saa za Bulova, likaonyeshwa kabla ya mchezo wa besiboli baina ya Brooklyn Dodgers na Philadelphia Phillies. Waingereza walichelewa. Walisubiri mpaka tarehe 22 Septemba 1955, kituo cha ITV kilipofunguliwa, ndipo wakaona tangazo lao la kwanza, la dawa ya meno ya Gibbs SR. Matangazo yote mawili yalikuwa na tabia moja: kila mwenye luninga iliyowashwa kwenye kituo kile aliona kitu kilekile. Mwenye nyumba aliona, mpangaji wake aliona, na mtoto wa mpangaji aliyekuwa anachungulia dirishani naye aliona.

Sisi Waswahili tabia hiyo tunaifahamu tangu kabla ya umeme. La mgambo likilia lina jambo. Mpiga mbiu alipita na baragumu yake, akasema lake kwa sauti, na mji mzima ukasikia neno moja. Akisema uongo, mji mzima ulikuwa shahidi. Kesho yake hakuweza kumwambia huyu "nilisema hivi" na yule "nilisema vile". Mbiu humfunga msemaji kwa maneno yake mwenyewe. Na luninga, kwa miaka zaidi ya sabini, ilikuwa mbiu. Ilipiga kelele, ndiyo. Ilituchosha kwa sabuni na soda, ndiyo. Lakini ilisema mbele ya watu.

Tena msidharau sabuni. Kuna mama mmoja Mmarekani, Irna Phillips, aliyekuwa mwandishi wa michezo ya redio mjini Chicago. Mwaka 1937 alianzisha mchezo wa mfululizo uitwao Guiding Light. Kampuni ya sabuni, Procter & Gamble, ndiyo iliyokuwa nyuma yake, na ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huita michezo ya namna hiyo kwa jina la sabuni. Mwaka 1952 mchezo ukahamia kwenye luninga, ukaendelea mpaka mwaka 2009. Miaka 72, jamani! Bibi, mama na binti walikua na watu walewale. Mwenye sabuni alitaka kumfikia kila anayefua, kwa hiyo alilipia hadithi ambayo kila anayefua angeweza kuifuatilia. Hakufanya hivyo kwa kupenda fasihi, lakini kwa tamaa yake mwenyewe aliwapa waandishi jukwaa la watu wengi kwa wakati mmoja.

Sasa tazameni kinachofanyika leo.

Uingereza, kampuni ya Sky ilizindua mwaka 2014 mpango wake uitwao AdSmart. Matangazo hupelekwa mapema na kuhifadhiwa ndani ya king'amuzi cha mteja. Ukifika muda wa mapumziko ya kipindi, king'amuzi chenyewe huchagua lipi lionyeshwe katika nyumba ile, kwa kufuata habari ambazo kampuni inazo kuhusu kaya hiyo. Nyumba namba 10 inaona gari, nyumba namba 12 inaona chakula cha mbwa.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Mwezi Novemba 2017, mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, iliruhusu vituo vya kawaida vya minara, vile vinavyonaswa kwa antena, kutumia mfumo mpya uitwao ATSC 3.0. Mfumo huo umejengwa kwa lugha ileile ya intaneti. Luninga ikiwa imeunganishwa na intaneti nyumbani, tangazo lililokuja kwa mnara linaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa jingine linalokuhusu wewe. Picha ya uzuri wa mfumo huu ni kweli inang'aa, sibishi. Lakini wenye vituo wanapousifu hawaishii kwenye uzuri wa picha. Wanasema waziwazi kwamba sasa na wao wataweza kuuza matangazo ya kulenga kama wanavyouza wenye mitandao. Mwezi Februari 2025 umoja wa vituo hivyo uliiomba FCC iweke tarehe ya kuhamia huko moja kwa moja: masoko 55 makubwa kufikia Februari 2028, na yaliyobaki kufikia Februari 2030.

Kwani kuna ubaya gani? Ngoja niwape mfano wa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Kampuni ya Vizio ya Marekani inatengeneza luninga. Mwezi Februari 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani na ya jimbo la New Jersey. Kosa lilikuwa nini? Luninga zake zipatazo milioni 11 zilikuwa zikikusanya, sekunde kwa sekunde, kila kinachoonekana kwenye kioo, bila wenyewe kujua. Ukitazama kebo inajua. Ukiweka diski inajua. Halafu habari hizo ziliuzwa kwa wengine, zikiwa zimeambatanishwa na jinsia, umri, kipato, hali ya ndoa, elimu, na kama nyumba ni yako au umepanga. Gawanyeni wenyewe: dola milioni 2.2 kwa luninga milioni 11 ni senti 20 kwa kila sebule. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa kwa kuchungulia nyumba ya mtu. Na biashara hiyo haikufa, ilihalalishwa tu kwa kuombewa ridhaa. Ilipofika mwezi Desemba 2024, duka kubwa la Walmart lilikamilisha kuinunua Vizio kwa dola bilioni 2.3, na Walmart wenyewe walieleza kwamba wanaitaka kwa ajili ya biashara ya matangazo.

Fundi aliyekuuzia kabati akibaki ndani ya kabati, utamwita nani?

Sasa nije kwenye hoja za wanaotetea, maana sitaki kuonekana napigana na kivuli.

Hoja yao ya kwanza ni ya njaa. Wanasema: luninga inakufa, lazima ibadilike. Kweli, takwimu haziko upande wa minara. Huko Marekani, kampuni ya Nielsen inayohesabu watazamaji ilitoa hesabu za mwezi Mei 2025: katika muda wote ambao watu walitumia mbele ya luninga, asilimia 44.8 ulikwenda kwenye vipindi vya intaneti, wakati vituo vya minara vilipata asilimia 20.1 na kebo asilimia 24.1. Minara na kebo ukizijumlisha ni 44.2. Ilikuwa mara ya kwanza intaneti kuzipita zote mbili kwa pamoja. YouTube peke yake ilichukua asilimia 12.5. Pesa nazo zimehama. Mwaka 2024 kampuni mama ya Google ilipata kwenye matangazo zaidi ya dola bilioni 264. Hapo mwenye kituo anakaa, anashika tama, anasema: hawa wamenishinda kwa kumjua mteja, na mimi nitamjua mteja.

Ndugu yangu, usiige tembo kunya, utapasuka msamba. Google inajua ulichokitafuta saa nane usiku ulipokosa usingizi. Inajua njia unayopita kwenda kazini. Simu inalala ubavuni mwako. Wewe mwenye kituo unajua nini? Unajua kwamba katika nyumba fulani kuna mtu amebonyeza rimoti. Hujui hata kama ni baba, ni mtoto au ni mgeni aliyekuja kuomba maji. Luninga inatazamwa na watu watano kwenye kochi moja, na huku uswahilini inatazamwa na watu thelathini kwenye kibanda cha mpira. Utamlenga nani hapo? Ukishindana na Google kwa upelelezi utakuwa wa pili milele, na wa pili katika upelelezi anabaki na aibu bila faida.

Kitu ambacho Google haina, wewe unacho: unao watu wengi kwa pamoja, wanaojua kwamba wako pamoja. Hamniamini? Tarehe 9 Februari 2025, fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, ilitazamwa kwa wastani na watu milioni 127.7. Tangazo la sekunde 30 liliuzwa mpaka dola milioni 8. Kwa nini matajiri walitoa fedha hizo, wakati mitandao ingewauzia watu wale mmojammoja kwa kuwachambua kama mchele? Kwa sababu aliyeona tangazo lile alijua na mwenzake kazini ameliona. Kesho yake watalizungumza. Wanalipia mazungumzo hayo, na mazungumzo hayapatikani kama kila mtu kaona lake. Kituo kinachokata mbiu yake kuwa minong'ono elfu kinauza kwa rejareja kile ambacho thamani yake yote iko kwenye ujumla.

Hoja ya pili ni ya huruma. Wanasema: mbona mnapenda kuwaudhi watu kwa matangazo yasiyowahusu? Mseja asiye na mtoto ana kazi gani na nepi? Ni hoja tamu, lakini haina mzizi. Mseja huyo ana dada, na dada yake ana mtoto, na mwisho wa mwezi atatumwa dukani. Tena kuna jambo kubwa kuliko kununua. Kwa kuona matangazo ya wenzetu tunajifunza wenzetu wanaishije na wanaahidiwa nini. Mzee anaona vijana wanavyobembelezwa. Kijana anaona wazee wanauziwa dawa gani. Mnyonge anaona tajiri anakopeshwa kwa riba gani, na yeye anakopeshwa kwa riba gani. Ondoa hayo, kila mtu afungiwe kwenye chumba chake na ahadi zake, nani atamwambia mwenzake "hapo umepigwa"?

Hili la kufichana si nadharia. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walionyesha kwamba mtu angeweza kununua tangazo la nyumba kwenye Facebook na kuzuia lisionekane na watu weusi. Mwezi Machi 2019 wizara ya nyumba ya Marekani iliishtaki Facebook kwa ubaguzi, na mwezi Juni 2022 mwenye mtandao huo alikubaliana na wizara ya sheria kuachana na chombo kimoja cha kulengea matangazo ya nyumba. Fikirini: aliyebaguliwa hakuona kitu chochote. Kibao cha "huyu haruhusiwi" cha zamani kilikuwa kinyama, lakini kilionekana, mtu akakipiga picha, akakipeleka mahakamani. Tangazo ambalo hukuonyeshwa utalipigaje picha? Sasa ndo mnataka ugonjwa huu uingie na kwenye mnara?

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, na nitaipa heshima yake. Wanasema matangazo ya kulenga yanamfungulia mlango mdogo. Fundi seremala wa mji mmoja hawezi kulipia tangazo la nchi nzima, lakini anaweza kulipia la mtaa wake. Hiyo ni kweli. Sky walitangaza kwamba mtu anaweza kuanza na pauni 3,000, na biashara nyingi ambazo hazijawahi kukanyaga luninga ziliingia. Mimi mtoto wa fundi cherehani nitawezaje kulipinga hilo?

Silipingi. Ila naomba tutofautishe kulenga mahali na kulenga mtu. Tangazo la seremala likionekana na mtaa wote wa seremala, hiyo bado ni mbiu, ni mbiu ya mtaa. Majirani wote wamesikia, na akiwadhulumu watamfuata karakana. Redio za mikoani zinafanya hivyo siku zote na hakuna aliyepelelezwa. Ubaya unaanza pale tangazo linapochagua nyumba kwa faili la mwenye nyumba. Tena hata kulenga mahali kuna wa kuumia. Ufaransa, waliporuhusu matangazo haya kwa amri ya serikali ya mwezi Agosti 2020, waliweka masharti: mtazamaji aridhie, dakika ziwe na kikomo, na tangazo lililolengwa lisitaje anwani ya duka. Kwa nini anwani? Ili luninga kubwa za Paris zisivinyang'anye magazeti na redio za mikoani chakula chao. Wafaransa wanajua kwamba pesa ya tangazo la seremala ndiyo inayomlipa mwandishi wa gazeti la mji wake. Sisi tunaochapa jarida kwa kuchangishana na matangazo mawili ya maduka ya vifaa vya shule tunalielewa hilo vizuri kuliko hata Wafaransa.

Sasa nije kwenye hadithi, maana huko ndiko kidonda kilipo.

Mwaka juzi nilipeleka muswada wangu wa tamthilia kwenye kituo kimoja cha luninga, jina nalihifadhi. Ulikuwa unahusu familia inayogombania shamba baada ya babu kufariki. Ndani yake kuna wazee, kuna mabinti, kuna mwanasheria wa mjini na mchunga ng'ombe. Yule bwana aliyenipokea alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza: "Hadhira yako ni nani?" Nikamjibu, watu. Akacheka. Akasema, "Kijana, watu siyo hadhira. Niambie umri, niambie kipato, niambie mjini au shamba. Siku hizi anayetangaza hanunui kipindi, ananunua mtu." Akanishauri nikate wazee na mchungaji, nibaki na mabinti na mwanasheria, kwani hao ndio wanaonunua vitu.

Nikamwambia bila wazee hakuna shamba, na bila shamba hakuna ugomvi. Akanirudishia kaunta buku langu.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hatua inayofuata. Kwanza tangazo linagawanywa, halafu hadithi inagawanywa ili ilingane na tangazo. Mwenye sabuni wa zamani alitaka mchezo wa nyumba nzima. Mnunuzi wa mtu mmojammoja anataka mchezo wa mtu mmojammoja. Mchunga ng'ombe anafutwa kwenye hadithi, na sababu ni kwamba hana pesa. Baada ya hapo tunalalamika kwamba tamthilia zetu zote zinafanyika kwenye sebule zenye makochi ya ngozi. Mlitegemea nini?

Na nguvu ya hadithi ya wote tunaijua sisi wenyewe, hatuhitaji kuhadithiwa na Wamarekani. Mwaka 1993, mimi sijazaliwa, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mnaukumbuka, au wazazi wenu wanaukumbuka: Mkwaju, dereva wa lori mwenye vimada kila kituo, na mkewe Tunu. Watafiti walitaka kupima kama mchezo unabadilisha watu katika mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI, kwa hiyo mpaka mwaka 1995 Dodoma iliwekwa kando, haikurushiwa, ili ilinganishwe na mikoa mingine. Walichokiona ni kwamba mchezo ulifanya kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika baada ya redio kuzimwa, watu walipojadiliana na wenzi wao na majirani. Jina la Mkwaju likawa neno la kumsemea mwanamume mzinzi. Neno kama hilo linazaliwa vipi kama kila nyumba ingekuwa na Mkwaju wake? Ilibidi tumsikie mmoja, tumcheke pamoja, tumwogope pamoja.

Wengine watasema, we nawe unaota mchana, huku kwetu antena inapokea tu, haina njia ya kurudisha habari. Ni kweli, na ndiyo maana naandika sasa. Tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumezoea ving'amuzi. Kile cha antena kinapokea na kunyamaza. Lakini luninga zinazouzwa madukani leo zinaomba neno la siri la intaneti kabla hata hujaona picha, na sisi tunabonyeza "nakubali" bila kusoma kwa sababu mpira umeanza. Njia ya kurudi tunaijenga wenyewe, sebule kwa sebule. Kumpinga mgeni kabla hajavua viatu ni rahisi kuliko kumtoa akiwa amekwisha pewa chumba.

Na msinidanganye kwamba kitakacholengwa ni nepi na chakula cha mbwa. Huku kwetu kuna kamari. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya Kenya iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwenye luninga, redio na kwingineko, ikilalamika kwamba yanarushwa hata katika saa ambazo watoto wanatazama. Swali langu: nani aliyajua hayo? Wazazi waliyaona. Walimu waliyaona. Mashehe na wachungaji waliyaona, wakapiga kelele. Waliyaona kwa sababu yalikuwa kwenye mbiu. Sasa weka mfumo wa kulenga. Tangazo la kamari linamfuata kijana asiye na kazi peke yake, aliyewahi kubeti, aliyepokea vijisenti jana. Baba yake chumba cha pili anaonyeshwa tangazo la mbegu bora za mahindi. Nani atapiga kelele? Kwa nini apige, wakati kwake kila kitu ni mahindi?

Siasa ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 kampuni mbili za satelaiti za Marekani, DirecTV na Dish, ambazo ni washindani, ziliungana kuwauzia wanasiasa matangazo ya nyumba kwa nyumba. Mwezi Machi 2018 wakubwa wa Cambridge Analytica walinaswa na kamera ya siri ya kituo cha Channel 4 wakijisifu kwa kazi waliyoifanya katika kampeni za Kenya za mwaka 2013 na 2017. Mgombea anayesimama jukwaani anaahidi mbele ya wafugaji na wakulima kwa pamoja, kwa hiyo anapima maneno yake. Mpe kinywa cha kunong'ona kila nyumba, atawaahidi wafugaji shamba na wakulima shamba hilohilo. Hapo nimerudi kwenye tamthilia yangu, ila safari hii watu wanakufa kweli.

Basi nisilalamike tu. Ninayoyataka ni haya.

Kwanza, sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo: Kenya ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022. Zitumike kwenye luninga kabla biashara haijaota mizizi. Kioo kisitume neno lolote kuhusu mtazamaji mpaka aseme ndiyo kwa Kiswahili anachokielewa, na akisema hapana, aendelee kutazama vilevile.

Pili, matangazo ya siasa, kamari, mikopo na dawa yasilengwe kamwe. Anayetaka kuyatoa ayatoe kwa mbiu, sote tumsikie.

Tatu, tangazo la kulenga mahali liruhusiwe, la kulenga faili la mtu lisiruhusiwe. Seremala wetu atapata nafasi yake bila ya mtu kupelelezwa.

Nne, wenye vituo wauze walichonacho. Wauze mpira wa moja kwa moja, taarifa ya habari ya saa mbili, tamthilia inayomkalisha bibi na mjukuu kwenye mkeka mmoja. Hivyo havigawanyiki. Lakini lazima mvitengeneze, na kuvitengeneza kunataka kumlipa mwandishi. Mnachoma fedha kununua mitambo ya kumjua mtazamaji, huku mtazamaji anaondoka kwa sababu hamna cha kumwonyesha. Vijana hawakukimbilia simu kwa kupenda kupelelezwa. Walifuata hadithi za watu wanaofanana nao. Leteni hizo muone.

Na kwenu waandishi wenzangu, hasa mnaosema nimebaki nyuma. Siku mtakapoulizwa "hadhira yako ni nani" na mtu mwenye hundi mkononi, jibuni mnavyopenda, njaa naijua. Lakini msimfute mchunga ng'ombe. Mimi wangu bado yumo kwenye kaunta buku, ukurasa wa 41, anasubiri mvua pamoja na wale wazee, na kituo kitakachomtaka kimchukue na ukoo wake wote.